Milimita Nne

Osh, ghorofa ya chini, saa tatu usiku.
Nimezima taa ili weusi uonekane vizuri.
Bubukan yuko wodi ya juu, hajala tangu adhuhuri,
na mimi nimebaki na ini lake hapa,
vipande mia mbili na kumi na sita,
kila kimoja chembamba kama ganda la kitunguu.

Navipitisha kwa kidole, juu, chini, juu tena.
Mbavu zafunguka, zafumba.
Figo yapita, kisha ya pili.
Kisha lile doa.

Halina ukingo.
Uvimbe wa maji una ukuta,
waweza kuuzungushia kalamu ukaenda kulala.
Hili limesambaa kama wino kwenye karatasi mbovu,
ndani yake punje za chokaa,
na katikati pango, nyama iliyojifia yenyewe.
Huko Gulcha walimwambia ni saratani.
Akarudi nyumbani akagawa kondoo.

Si saratani. Ni tegu wa mbweha,
mfupi kuliko punje ya mchele,
na yai lake jicho halilioni:
kutoka manyoya ya mbwa hadi kiganja,
kutoka kiganja hadi mkate.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu amekaa miaka kumi na miwili, labda zaidi,
hajashika hata fagio.

Mchana alitaka kuona. Wengi hawataki.
Akavaa miwani ya mumewe,
akasogea hadi pumzi yake ikatia ukungu kioo.
"Hii ni Alay," akasema. "Huu mto.
Hapa tunavuka na mifugo mwezi wa sita.
Na hizi nyeupe, theluji isiyoyeyuka."
Kidole chake kikasimama pale pale
changu kinaposimama kila nikifika:
mshipa mkuu, na doa likiunyemelea.
"Na hapa? Pana nafasi ya kupita?"
Nikamwambia, milimita nne.
Akazipima hewani, kwa gumba na kidole cha shahada.
Alipima pana mno.
Sikumsahihisha.

Daktari Tynchtyk huuliza mawili tu:
nikate wapi, na kitabaki nini.
Nimemchorea mstari.
Mshipa wa kushoto mzima. Mapafu safi. Ubongo safi.
Kitabaki thelathini na nane kwa mia.
Nimepima mara tatu;
mara ya pili nilipata thelathini na tano,
nikatoka kwenda kunywa chai.

Watu hukatwa maini kwa maneno.
Yeye ni kwa kisu, kesho, saa mbili asubuhi.

Kwetu Wakirgizi ini na ndugu ni neno moja.
*Boor.* Ini langu, humwambia kaka yake,
ini langu, lete ndoo; ini langu, funga mlango,
siku nzima, bila kufikiri.
Na huyo ini lake, Satkynbay,
ameketi benchi la nje tangu jioni, kofia magotini.
Amekwisha kuniuliza kama wanaweza kuchukua la kwake, kipande.
Nikamwambia haihitajiki,
lake litajiotea lenyewe, taratibu.
Akaonekana kama mtu aliyerudishiwa zawadi.

Nilipaswa kunyamaza hapo.
Nikauliza, mbwa mlifuga pamoja?
Aktosh, akasema. Kifua cheupe.
Alikuwa akiwinda panya wa milimani, hodari kweli kweli.
Majira ya baridi alilala nasi, katikati, mimi na dada.
Mbwa mwitu walipomuua tulilia kama watoto.
Kisha akatazama viganja vyake, kimoja,
halafu kingine.

Sasa nahifadhi picha, naandika jina, tarehe, vipimo.
Nafungua mlango.
Hasemi kitu. Anavua koti, anavua shati, anajilaza
kwenye kitanda ambacho karatasi yake sijaibadilisha.
Ute wa kipimo ni baridi, anashtuka.
Nakiingiza chini ya mbavu za kulia,
nageuza skrini upande wangu.
Vuta pumzi, nasema.
Ishike.